Figo ya Kushoto

Mama aliyenipigia simu hakuanza na ng'ombe. Alianza na salamu. Aliniuliza habari za wazazi wangu kule Mgori, habari za kazi, habari za hili jua ambalo mwaka ule lilikuwa limekausha malambo mapema. Nilikuwa ofisini Nduguti, mlango wa friji ya chanjo uko wazi, simu nimeibana kwa bega, na kadiri salamu zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kujua kwamba jambo lenyewe ni zito. Mtu mwenye kuku wanaoharisha huingia moja kwa moja. Mtu mwenye hofu huzunguka kwanza.

"Daktari," alisema mwishowe, "yule ng'ombe wangu wa maziwa tulimtibu akapata nafuu. Sasa amekataa kula tena. Kaka anasema ni ndigana. Mimi moyo unakataa."

"Tangu lini, mama?"

"Amebadilika ghafla. Juzi alikuwa anacheua vizuri. Leo anasimama tu, anasaga meno."

Nilifunga friji, nikachukua mkoba, nikawasha pikipiki.

Mimi ni mtoto wa Singida Vijijini. Nimekulia kwenye boma la ng'ombe wachache, Kinyaturu ndiyo lugha ya jikoni kwetu, na nilipomaliza masomo ya udaktari wa mifugo Morogoro nikapangiwa Mkalama, kwa Wanyiramba, ambako wazee walinipokea kwa heshima na kwa mashaka kidogo, vyote kwa pamoja. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wameona maofisa wengi wakija na kuhama. Waliniita binti. Nilichanja mbwa wao, nikawahasi mafahali wao, nikavuta ndama waliokwama, na taratibu wakaanza kunipigia simu kabla mnyama hajalala chini. Kwa daktari wa mifugo wa vijijini, hiyo ya kupigiwa mapema ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Mama huyu nilimfahamu. Alikuwa mjane, mkulima wa alizeti na mtama, mtu wa maneno machache na macho makali. Ng'ombe wake alikuwa chotara mwekundu mwenye baka jeupe kwenye kiwele, na ndiye alikuwa pekee wa maziwa katika kitongoji kile. Wengine wote walikuwa na ng'ombe wa kienyeji. Nusu ya watoto wadogo wa majirani walikuwa wamenyweshwa uji wenye maziwa yake. Kaka yake mama, mzee aliyefuga maisha yake yote, aliishi boma la pili kutoka hapo, na ndiye aliyekuwa akisimamia mifugo ya dada yake tangu shemeji yake alipofariki.

Nilimkuta mzee zizini, ameegemea mti wa uzio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Umekuja kuthibitisha ndigana?"

"Nimekuja kumwona kwanza, baba."

Alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akanipisha.

Ng'ombe alikuwa amesimama kichwa chini, masikio yamelegea. Macho yalikuwa yamezama. Nilivuta ngozi ya shingo nikaiachia. Ikabaki imesimama kama hema kabla ya kurudi polepole. Alikuwa amekauka maji. Nikaanza kuuliza huku mikono inafanya kazi, kama nilivyozoea, kwa sababu watu hujibu vizuri zaidi wakikuona unashughulika.

Mama akanieleza yote. Ng'ombe alizaa salama, ndama jike, lakini kondo la nyuma halikutoka. Likaning'inia, likaoza, ng'ombe akapata homa kali. Mimi nilikuwa semina mjini Singida, simu haikupatikana. Mzee akanunua dawa dukani na kumchoma sindano mwenyewe. Kondo likatoka, uchafu ukapungua, homa ikashuka. Wakashukuru Mungu. Kisha, homa ikiwa imekwisha kabisa, ng'ombe akageuka kuwa hivi.

Niliweka kipimajoto: hakuna homa, na kwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, homa huwa juu. Nikapapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega: hazikuvimba. Nikafunua kope na ufizi: hapakuwa na umanjano wa ndigana baridi. Ufizi ulikuwa mkavu, na kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na kidonda kidogo. Nilipousogelea mdomo wake nikasikia harufu ambayo sikuipenda. Haikuwa harufu ya pumzi ya ng'ombe. Ilikuwa inafanana na choo cha shimo wakati wa joto.

"Anakojoa?" niliuliza.

"Anakojoa sana," mama alisema. "Hilo ndilo linanishangaza. Hanywi maji ya maana, lakini mchana kutwa anakojoa."

Nilifungua mkoba na kutafuta chupa.

Kuna mbinu ambayo kila mtu aliyesomea mifugo anaijua, na ambayo huwachekesha wafugaji kila mara: ukitaka mkojo wa ng'ombe jike, unamsugua taratibu chini ya uke, juu chini, juu chini, mpaka akojoe mwenyewe. Nilimsugua nikiwa nimeshika chupa safi mkono wa pili. Mzee akageuza uso pembeni kwa adabu. Ng'ombe akainua mkia, akakojoa, nikajaza chupa na kuinyanyua juani.

Mkojo ulikuwa mweupe kabisa, kama maji ya kisima, na haukunuka.

Nataka kueleza nilichokiona kwenye chupa ile. Mnyama aliyekauka maji, kama figo zake ni nzima, huyabana maji yaliyobaki mwilini. Mkojo wake huwa kidogo, wa njano iliyokolea, wenye harufu kali. Huyu alikuwa amekauka mpaka macho yamezama, na bado alikuwa akimwaga maji safi nje. Maana yake kizuizi kilikuwa kimevunjika. Figo zilikuwa haziwezi tena kushika maji wala kutoa uchafu, na uchafu ule ndio niliokuwa nausikia kwenye pumzi yake.

Nilitia tone la mkojo kwenye kifaa changu kidogo cha kupimia uzito wa mkojo, nikakiinua kwenye mwanga. Mstari ulikaa chini kabisa, karibu na maji matupu. Nikachovya kijiti cha vipimo: protini imepanda, sukari ipo kwenye mkojo mahali isipostahili kuwapo, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho.

"Unaona nini?" mama aliuliza.

"Bado kidogo, mama. Nataka kushika."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mikono yangu. Chuoni sikuwa mwanafunzi wa kwanza darasani. Kemia ilinitesa. Lakini tulikuwa na mwalimu mmoja aliyetupeleka machinjioni asubuhi, akatia viungo vya ng'ombe ndani ya ndoo iliyofunikwa gunia, na kututaka tuingize mkono na kusema tumeshika nini, na kama ni kizima au kigonjwa. Wenzangu walikunja pua. Mimi nilipenda. Figo ya ng'ombe si laini kama ya mbuzi. Imegawanyika vinundu vinundu, kama viazi vidogo vilivyofungwa pamoja kwenye mfuko, na kati ya kinundu na kinundu kuna mfereji ambao kidole kinaupita. Nilijifunza figo nzima mpaka nikawa naijua kwa vidole kama ninavyojua uso wa mama yangu. Mwalimu alinisifu mara moja tu, na hakuwa mtu wa kusifu.

Nilivaa glavu ndefu inayofika begani, nikaipaka mafuta, nikaingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa ya ng'ombe. Nilipitia kizazi kwanza. Kilikuwa kinarudi vizuri, mzee alikuwa amefanya kazi yake. Kisha nikapeleka mkono mbele na juu. Figo ya kulia ya ng'ombe imeshikamana na mgongo, mbali, huwezi kuifikia vizuri. Ya kushoto inaning'inia, tumbo kubwa huisukuma kuelekea katikati, na mwenye mkono mrefu anaipata.

Niliipata. Ilikuwa kubwa. Ilikuwa imejaa na kukaza kama mpira uliotiwa upepo mwingi, na mifereji kati ya vinundu ilikuwa karibu kupotea. Nilipoibonyeza kidogo, ng'ombe aliyekuwa amesimama kama gogo tangu nifike alikunja mgongo na kuguna.

Nilitoa mkono. Nakumbuka nilisimama pale glavu inachuruzika, jua la Oktoba limenipiga usoni, na nikajisikia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa. Nilikuwa nimesoma kuhusu ugonjwa huu, nilikuwa nimeuona kwa mbwa, lakini kwa ng'ombe aliye hai sikuwa nimewahi kuushika. Na mkono wangu uliujua.

"Baba," nilimwambia mzee, "naomba kuona zile dawa ulizomchoma."

Alikwenda kwake, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na chupa ya jentamaisini, dawa kali ya kuua vijidudu, karibu tupu, na chupa ya sindano ya kushusha homa na maumivu. Alinionyesha kwa ukucha kwenye bomba la sindano kiasi alichokuwa akivuta. Kilikuwa kingi. Homa ilipogoma kushuka alikiongeza, na alimchoma kila siku bila kuruka, na ile ya maumivu juu yake.

"Na maji? Siku zile za homa alikuwa anakunywa?"

Mama na kaka yake wakatazamana. "Pampu ya kijiji iliharibika, na bado haijatengenezwa," mama alisema. "Tulikuwa tunapata ndoo za kugawana, watu na mifugo."

Basi picha ikakamilika. Na hapo ndipo ilipoanza sehemu ngumu zaidi kuliko kuingiza mkono ndani ya ng'ombe. Nilikuwa mbele ya mzee anayeheshimiwa, aliyemtibu mnyama wa dada yake mjane kwa uwezo wake wote, mimi nikiwa semina, na ilinipasa kumwambia kwamba dawa yake ndiyo iliyoumiza figo. Kama ningemwaibisha, angeondoka, na bila yeye ng'ombe yule asingepona, maana mimi ningepanda pikipiki na kurudi Nduguti na yeye ndiye angebaki. Lakini pia sikuweza kumficha. Kesho angemchoma ng'ombe mwingine.

Nilivua glavu, nikanawa, nikaomba tukae. Tukakaa kwenye gogo nje ya zizi.

"Baba," nilisema, "homa uliishusha wewe. Kizazi nimekishika, ni safi. Usingemtibu angekufa wiki ile ile. Lakini dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Ikiwa nyingi, na mwili hauna maji ya kuisukuma, inakaa mle ndani na kuziunguza. Hii ya maumivu nayo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukizichanganya kwa mnyama mwenye kiu, zinaumiza. Hii si ndigana. Figo zimeumia ghafla."

Alitazama mikono yake, akamwambia dada yake maneno mafupi ya Kinyiramba ambayo sikuyashika, akainuka na kwenda zake.

"Nimemkosea," nilimwambia mama.

"Mwache," alisema. "Sasa niambie mimi. Atapona?"

Nilimjibu ukweli. "Sijui, mama. Figo iliyochakaa kwa muda mrefu hairudi. Lakini hii imeumia juzi tu, na ng'ombe bado ana mwili. Tukiacha dawa zile kabisa na kumjaza maji, maji mengi kuliko unavyofikiria, figo zinaweza kuamka."

"Maji," mama akarudia, na sote wawili tukatazama ndoo iliyokuwa kando ya mlango.

Nilichukua damu shingoni mwa ng'ombe, nikaiweka kwenye kasha la barafu na kuipeleka kwenye basi la Singida. Nilisoma sekondari na dada mmoja ambaye sasa anafanya kazi kwenye maabara ya binadamu mjini, na alikuwa ameshanizoea mimi na vituko vyangu. Nilikuwa nimesharudi zizini, natundika dripu kwenye boriti ya banda, aliponipigia.

"Huyu mgonjwa wako," alisema, "kreatinini yake imepanda vibaya. Yurea nayo. Ana umri gani?"

"Amezaa mara mbili. Ana pembe."

Kisha akacheka mpaka nikaondoa simu sikioni. "Kama angekuwa mtu," alisema alipotulia, "ningekuwa nimeshakimbia wodini kumtafuta daktari."

Nilifurahi. Kreatinini na yurea ni taka ambazo figo nzima huzitoa kwenye damu. Ni jambo la ajabu kufurahia majibu mabaya, lakini waliowahi kubahatisha ugonjwa porini bila mashine wananielewa. Mkono wangu ulikuwa umesema kweli.

Wakati bado nina simu mkononi, nilisikia magurudumu ya mkokoteni. Mzee alikuwa anakuja na ng'ombe wake wawili wa kulimia, na juu ya mkokoteni madumu ya maji yamefungwa kwa kamba. Alikuwa amekwenda mpaka kisima cha kijiji cha pili. Alisimamisha mkokoteni mbele ya banda, akavuta pumzi.

"Binti," alisema, "umesema maji mengi. Haya yanatosha kwa kuanzia?"

Niliitikia kwa kichwa.

Dripu peke yake kwa ng'ombe mkubwa ni kama kumwagilia shamba kwa kikombe. Kwa hiyo tulimpa ya mishipani nikiwa napambana na sindano na mkanda wa kuifunga, na mengine tulimnywesha kwa mpira mrefu uliopita mdomoni hadi tumboni, maji ya uvuguvugu yenye chumvi niliyoipima mwenyewe. Nilimwonyesha mzee jinsi ya kuhakikisha mpira uko tumboni na si kwenye mapafu: puliza, sikiliza ubavuni, nusa. Alifanya mara ya kwanza huku nikimwangalia, ya pili huku nikimwangalia, na kuanzia hapo sikuhitaji kumwangalia. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu. Nilimpa ng'ombe kalsiamu taratibu, maana figo zikiugua hiyo nayo hushuka, na dawa nyingine ya kuua vijidudu isiyogusa figo. Ndama tulimpa maziwa ya ng'ombe wa kienyeji wa mzee, kwa sababu maziwa ya mama yake yalikuwa na dawa na hayakufaa kwa ndama wala kwa mtu.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Ng'ombe alilala chini na kugoma kusimama. Tulimgeuza ubavu huu na ule asioze misuli. Jirani mmoja alikuja, akamtazama, akasema kwa nia njema tu, "Mchinjeni sasa hivi, mpate hata nyama." Nilimweleza kwamba nyama ile ilikuwa imejaa dawa na isingefaa kuliwa. Akatikisa kichwa na kwenda. Mama nilimwona akikaa kando ya ng'ombe wake na kumpungia nzi kwa kitawi, kama mtu anayemuuguza mwenzake.

Nami nilianza kuogopa. Nilikuwa napita pale kabla ya kazi na baada ya kazi. Kila nilipofika nilichukua mkojo na kuuinua juani, na kila mara ulikuwa maji matupu. Nilijiuliza kama nimewatesa watu hawa bure, kama nimewachotesha maji ya thamani kumwagia mnyama ambaye ameshakwenda. Mzee hakuniuliza swali hilo hata mara moja. Alikuwa amejipa kazi ya maji na aliifanya. Majirani walipoona mkokoteni unakwenda na kurudi, wengine wakaanza kuleta madumu yao bila kuombwa. Hata wale ambao pampu ilipoharibika waligombania foleni ya maji walileta. Nilikuja asubuhi moja nikakuta ndoo zimepangwa kando ya banda na sikujua za nani.

Kisha, asubuhi nyingine, nilikuwa bado sijazima pikipiki niliposikia mama akiita kutoka zizini. Nilikimbia nikidhani ng'ombe amekufa.

Ng'ombe alikuwa amesimama. Miguu ya nyuma ilikuwa inatetemeka, lakini alikuwa amesimama. Mama alikuwa ameshika chupa yangu ya mkojo. Alikuwa amemsugua mwenyewe, kama alivyoniona nikifanya, na ameinyanyua juani.

"Daktari, angalia!" alisema. "Ni wa njano! Na unanuka!"

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kusherehekea harufu ya mkojo wa ng'ombe kama tulivyosherehekea sisi. Mzee aliichukua chupa, akainusa, akakunja uso, akampa dada yake ainuse tena. Tulicheka kama watoto. Nilitia tone kwenye kifaa changu na mstari ulikuwa umepanda. Figo zilikuwa zimeanza kubana maji.

Nilivaa glavu na kuingiza mkono. Figo ya kushoto ilikuwa bado kubwa, lakini ilikuwa imelegea, na vidole vyangu vilipita kwenye mifereji kati ya vinundu. Niliibonyeza. Ng'ombe hakuguna. Alikuwa ameweka pua kwenye majani ya viazi vitamu ambayo mama alikuwa amemtupia, na alikuwa anakula.

Damu niliyopeleka mjini wiki ile ilirudi na majibu mazuri zaidi, na iliyofuata mazuri zaidi tena. Rafiki yangu wa maabara alianza kumwita "yule dada yetu mwenye pembe." Maziwa yalichelewa, lakini yalirudi, na muda wa dawa kutoka mwilini ulipopita, nilimruhusu mama kuyatumia. Majirani wakaanza tena kuleta vikombe.

Ningeweza kuishia hapo, lakini jambo ninalojivunia zaidi lilitokea baadaye, siku ya kuogesha mifugo.

Josho la pale huwa na watu wengi, vumbi, filimbi na matusi ya utani. Nilikuwa juu ya ukingo nikiangalia kiwango cha dawa. Mzee alikuja na kundi lake. Walipopita wote, alipaswa kuondoka, lakini alibaki. Akapanda ukingo pale niliposimama, akainua fimbo. Watu wakanyamaza, maana si mtu wa kupiga kelele.

"Mnanijua," alisema. "Nimefuga tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Ng'ombe wa dada yangu alikaribia kufa, na aliyemuumiza ni mimi. Nilimchoma dawa nyingi, hana maji mwilini, ikaziunguza figo. Huyu binti aliingiza mkono akazishika, akaniambia ukweli ana kwa ana, tukamponya pamoja. Sasa nasema: msichome hizi dawa kali bila kuuliza. Na mkichoma, mnyama anywe maji. Msisikie aibu kuuliza. Mimi nimeuliza, na sikufa."

Hakuna aliyecheka. Alishuka ukingoni polepole, akamfuata ng'ombe wake. Hajaacha kuniita binti mpaka leo, na mimi sikutaka aache.

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka nilijifanya naangalia dawa. Nilijivunia ng'ombe aliyepona, na nilijivunia mkono wangu, nasema bila aibu. Lakini siku ile nilimtazama mzee akienda na vumbi la kundi lake na nikajivunia yeye zaidi. Kusimama mbele ya rika lako na wajukuu zako na kusema hivyo, kunahitaji moyo ambao sijui kama ninao.

Watu wakanizunguka. Kila mmoja alikuwa na swali: dawa ipi, kiasi gani, mbuzi je, punda je. Wanawake wawili walitaka niwaonyeshe jinsi ya kusoma mkojo. Nilijibu mpaka kundi la mwisho likaoga na wasimamizi wakafunga lango. Mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa amesubiri pembeni muda wote. Alipoona watu wamepungua akasogea, akanisemesha kwa sauti ya chini.

"Daktari, vipi sisi watu? Mimi magoti yananiuma. Nameza vidonge vya maumivu kila siku, mwaka sasa. Na maji siyapendi."

"Shikamoo babu," nilisema, maana katika ile pilikapilika sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba. Haya, niambie. Utanishika na mimi?"

Wote waliobaki wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Nikamwambia mimi ni wa ng'ombe, wa kwake yuko zahanati, na kesho yake asubuhi aende akamweleze yote kuhusu vidonge na magoti, na leo hii akifika nyumbani anywe maji. Aliniahidi. Nikampakiza kwenye pikipiki yangu, fimbo ameilaza mapajani, nikampeleka mpaka kwake, na pale mlangoni akamwita mke wake amletee kikombe cha maji, akanywa chote mbele yangu, amesimama, ananitazama kama mtu anayetaka apewe alama.